Jeli, Majivu na Jina la Ta Byarugaba

Mwezi uliopita nilikabidhi kekee ya kuchukulia udongo, chekeche mbili, jozi ya buti ambazo moja linavuja, na kitambulisho chenye picha ya mtu mwenye nywele. Ninyi mliobaki pale Rwamishenye mliniomba niandike machache juu ya kazi ya jeli kabla sijasahau. Sijasahau, na laiti ningesahau.

Shule niliiacha darasa la tano. Karo haikuwa tatizo, wala sikuwa mgonjwa. Nilichoka kupigwa kwa sababu ya kuuliza. Baada ya hapo nilibeba magunia ya kahawa, nikaponda kokoto, nikaendesha bodaboda kati ya Bukoba na Muleba, nikanyoa watu nywele, na mwishowe nikawa mchoraji wa vibao vya maduka. Hakuna kazi niliyoifanya miaka miwili. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu huanza kuwasha. Kila kipande cha karatasi kilichopita mkononi mwangu nilikisoma, hata kile kilichofungia maandazi.

Kilichonileta kwenye jeli ni kibao. Mradi wa utafiti wa jeli ulikuwa umepanga nyumba Rwamishenye, pale Bukoba, na walitaka jina lao liandikwe getini. Nikiwa juu ya stuli na brashi, nikaona kupitia dirishani kijana mmoja, mtafiti mkuu, ambaye sote tulimwita Dokta, akichezea kitu kama kipande cha barafu ndani ya sahani. Nikauliza ni nini. Hakunifukuza, na hilo peke yake lilikuwa geni kwangu. Akatoka, akaniwekea kile kipande kiganjani.

"Subiri," akasema.

Kilikuwa baridi na unaona mistari ya kiganja kupitia humo. Baada ya muda mfupi kikaanza kuwa cheupe kama maziwa, kikanywea, kikatema maji yakanitiririka hadi kwenye kiwiko.

"Kimehisi joto lako," Dokta akasema. "Kirudishe kwenye maji baridi, kitavimba tena."

Kibao hakikumalizika siku ile. Kesho yake asubuhi nilirudi kukimalizia na kuomba kazi yoyote. Waliyokuwa nayo ilikuwa kuchimba mashimo.

Kwa asiyewahi kuzishika, jeli hizi ni nyuzi ndefu za kemikali zilizofungamana kama wavu. Wavu ukikutana na maji huyameza na kuvimba kuliko unavyoweza kuamini. Kisha zinatofautiana tabia. Nyingine hunywea zikipata joto, nyingine hubadilika kwa uchachu, nyingine kwa chumvi. Zimo kwenye pampasi za watoto. Zimo kwenye bandeji za vidonda vya moto. Kuna wanaotengenezea vidonge vinavyopita tumboni bila kufunguka, vikafunguka utumbo unapoanza. Zetu zilikuwa za shambani: chembe kama sukari ya mawe, unazichanganya na udongo chini ya mche wa kahawa. Zinywe mvua ya masika, ziurudishie mzizi kiangazi. Kupeleka kitu cha kuhifadhi maji mkoa wenye mvua kama wetu kulichekesha watu, lakini aliyewahi kupanda mche kwenye rweya za Muleba, zile nyika za majani zenye udongo mwembamba, anajua kiangazi cha kule kinavyouma.

Aliyenifundisha kazi hakuwa Dokta. Alikuwa mtunza stoo, Ta Byarugaba, mzee wa kutoka kijiji kimoja cha Muleba, mrefu, mwenye kofia ya kitambaa aliyoivua tu kanisani na kaburini. Alinifundisha kuchimba nikiwa nimeutazama mlima, udongo wa juu kulia na wa chini kushoto, ili ukirudisha usiuchanganye. Alinifundisha kunusa udongo. Alinifundisha kwamba chembe zisilowekwe kwa maji ya bomba kama kuna ya mvua. Na alinifundisha kwamba huanzi kupima shamba la mtu kabla hujaulizia ng'ombe, watoto na goti la bibi.

"Wewe una haraka kama mtu anayedaiwa," aliniambia wiki ya kwanza.

"Nataka kujua, waitu," nikajibu, kwa neno letu la heshima.

"Kujua hakukimbii. Kaa chini, tafuna kahawa."

Pale kijijini ndiye aliyekuwa akiitwa kuonyesha pa kuchimba kaburi mtu akifa. Kwa Wahaya marehemu huzikwa kibanjani, kwenye migomba na mibuni inayozunguka nyumba. Kibanja kina baba yako na babu yako ndani yake, na si kila mtu anaruhusiwa kuingia humo na jembe. Ta Byarugaba aliruhusiwa kila nyumba. Kwa sababu hiyo mradi ulipogawa majaribio, nusu ya miche kwenye rweya na nusu vibanjani, rweyani tulichimba sisi vibarua wote pamoja, na vibanjani aliingia yeye peke yake na ndoo yake ya chembe. Mimi nilimfuata nyuma na fomu, kwa kuwa mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Faida ya kuchora vibao.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Ma Kokushubira, mjane mwenye ulimi. Alichungulia ndoo ya chembe zilizokwisha vimba, akarudi nyuma hatua mbili.

"Byarugaba! Unaniletea mayai ya chura?"

"Yatunze tu, yatakuangulia kahawa."

"Nisipoyatunza je?"

"Yatakuangulia wataalamu, watakaa uani kwako wakikuuliza maswali mpaka jioni."

"Mungu wangu. Chimba basi, chimba haraka."

Nikamsomea fomu. Swali la tatu lilisema: Je, umeweka mbolea yoyote kwenye shimo? Kila mwezi nilirudi na swali hilo, nyumba kwa nyumba, zote tisa, na kila mwezi walinijibu hapana, na mimi nikaweka alama kwenye hapana.

Kiangazi kilipokuja, mambo yakawa kinyume cha akili ya kila Mhaya. Miche ya rweyani, kwenye udongo wa kusikitisha, ilisimama kijani. Ya vibanjani, kwenye udongo mnono unaolishwa maganda na nyasi tangu enzi za mababu, ilining'iniza majani kama masikio ya mbuzi aliyelowa. Dokta akaja na gari. Akaniamuru nichimbue.

Nilichimbua mashimo tisa siku ile. Rweyani ulikuwa ukichota udongo unakutana na jeli, laini, inang'aa. Vibanjani, udongo mkavu tu. Nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, "Hamna kitu humu, Dokta." Akaniuliza:

"Huku aliweka nani?"

Nilijibu. Ningejibu nini kingine? Lakini nakumbuka nilijibu upesi.

Wiki ile ile kukawa na maneno kwamba sokoni Bukoba kuna mtu anauza chembe za kuwekea maua ya kwenye vyungu. Hakuna aliyekwenda kumwona. Maneno yalitosha. Wakamwita Ta Byarugaba ofisini Rwamishenye: Dokta, afisa utawala, yeye, na mimi pembeni ya meza nikiandika muhtasari.

"Mzee, chembe za vibanjani ziko wapi?" afisa utawala akauliza.

"Ziko vibanjani."

"Tumechimbua. Hazipo."

"Zipo. Hamjui kuzitafuta." Akavua kofia, kama kanisani, akaiweka gotini. "Mmeuliza jikoni?"

"Jikoni kuna nini?" Dokta akauliza, na nadhani alitaka kweli kujua.

"Kinachotoka jikoni kinakwenda wapi? Mwanamke anafagia mafiga asubuhi. Anakwenda kumwaga wapi?"

"Mzee," afisa utawala akasema, "hapa hatuzungumzii mafiga. Jibu swali."

"Nimelijibu."

Kalamu yangu ilikuwa imesimama tangu aliposema jikoni. Nilidhani anazunguka, kama wazee wanavyozunguka wakibanwa. Nilimwonea aibu, na nilitaka kumsitiri. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Lakini pia nilipenda kuonekana na Dokta kwamba naweza kuchuja ya maana na yasiyo ya maana, mimi niliyeitwa na vibarua wenzangu Profesa wa Darasa la Tano. Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Mtuhumiwa hakuwa na maelezo.

Tulipotoka akanisubiri chini ya ukingo wa bati, mvua ikinyesha.

"Umeandika nilichosema?"

"Nimeandika, waitu."

Akanishukuru. Akavaa kofia, akaenda kutafuta gari la Muleba.

Barua ya kumwachisha kazi ilinukuu sentensi yangu neno kwa neno. Nakala ilipelekwa serikali ya kijiji, kwa utaratibu. Utaratibu ni kitu kizuri sana, haukosi mtu.

Msimu mmoja baadaye nilikuwa nimepanga chumba Nyanga. Dirishani niliweka chupa ya jeli iliyovimba, kwa sababu ya kupenda tu kuitazama. Mama mwenye nyumba alikuwa anapika maharage makavu, yale yasiyoiva hata ukiyaombea. Alikuwa amemwaga maji juu ya majivu, akayachuja kwenye bakuli, maji ya rangi ya chai hafifu yanayolainisha maharage. Nikamwomba kikombe.

"Cha nini? Unakunywa?"

"Nataka kuimwagia ile jeli ya dirishani."

"Ndiyo maana huoi," akasema, akanipa.

Nikamwaga jeli kwenye sahani, nikaimwagia yale maji. Mchana haujaisha, vipande vikubwa kama zabibu vilikuwa vimenywea vikawa vidogo, vigumu, vyeupe kidogo, unaweza kuvichanganya na mchanga usivione. Chumvi za majivu ziliubana wavu ukatema maji yote. Nilikaa kitandani. Nilisikia sauti yake waziwazi kabisa: mmeuliza jikoni?

Kesho yake nilikwenda Muleba kwa Ma Kokushubira. Nilimkuta anamenya ndizi.

"Mama, majivu unamwaga wapi?"

"Swali gani hilo? Kibanjani."

"Kibanjani wapi?"

"Kwenye mashina. Yanafukuza wadudu. Na kwenye yale mashimo yenu niliongeza, nikawa nayapelekea ya asubuhi na ya jioni."

"Kwa nini uliongeza?"

Akaniangalia kama mtoto mjinga. "Si vya wageni? Kitu cha mgeni unakitunza kuliko chako. Mashimo ya Byarugaba nikayaacha na mchwa, nimwaibishe?"

"Lakini nilikuuliza kila mwezi kama umeweka mbolea."

"Mbolea sikuweka! Majivu si mbolea. Majivu ni majivu."

Nyumba zote tisa walinijibu hivyo hivyo. Kila mama, kwa heshima ya mgeni na ya mzee aliyewaletea, alikuwa ameyalisha mashimo yetu majivu mazuri kuliko ya migomba yake mwenyewe. Na mimi niliyaona. Kila mwezi nilisimama juu ya majivu yale nikisoma swali la tatu. Nimezaliwa kwenye kibanja, kuyaona majivu shinani, kwangu kulikuwa kama kuona majani juu ya mti. Dokta alikuwa mgeni, asingejua. Mimi nilitakiwa kujua.

Nilichota udongo wa mashimo, nikauchekecha kwa kitambaa, nikaosha kwa maji ya mvua mara nyingi, nikaacha yatulie. Kwenye bakuli vikabaki vijichembe. Baada ya kubadilisha maji siku nzima vikaanza kuvimba. Havikufika ukubwa wa mwanzo, kwa sababu chokaa ya majivu ikishaushika wavu haiuachii wote. Lakini vilivimba, na vilikuwa vingi. Chembe zilikuwa vibanjani. Kumbukeni hilo mkitumwa kutafuta jeli kwenye udongo: kutoiona si ushahidi kwamba haipo. Osheni kwanza.

Dokta alifurahi kama mtoto. Alinipiga picha na bakuli. Akaongeza kwenye fomu swali la majivu, akaniagizia buti mpya, na kwenye kikao cha mradi akasema mbele ya watu wote kwamba kibarua wetu amegundua jambo ambalo sisi wasomi lilitupita. Watu wakapiga makofi. Nilisimama nikainama kidogo. Mtu angenizuia kuinama, ningemshukuru hadi leo.

Baada ya kikao nilikwenda kwa afisa utawala.

"Barua ya Ta Byarugaba ifutwe," nikasema. "Hakuiba. Mmeona wenyewe."

Hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili, akasoma kwa kidole.

"Tatizo ni hili. Hakuachishwa kwa wizi. Ameachishwa kwa kushindwa kutoa maelezo ya mali aliyokabidhiwa. Muhtasari unasema hakuwa na maelezo. Huu si mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Kwa hiyo alikuwa na maelezo au hakuwa nayo? Kama alikuwa nayo, nifungue suala jingine, la aliyeandika muhtasari wa uongo. Niambie tu."

Akasubiri, na kalamu mkononi. Nje vibarua walikuwa wakicheka, wakipakia miche kwenye gari. Nilikuwa na kazi ambayo, kwa mara ya kwanza maishani, miguu haikuwa imewasha kuikimbia. Kila wiki kulikuwa na jeli mpya ya kuijua.

"Niache nifikirie," nikasema.

"Fikiria. Faili halikimbii."

Nimefikiria miaka kumi na minne. Dokta alihamishwa, wakaja wengine na miradi mingine. Tulijaribu jeli zinazoachia mbolea udongo ukibadilika uchachu, tukajaribu za kufunikia mbegu, na mwaka mmoja nilizunguka na wauguzi waliokuwa wakijaribu bandeji za jeli kwa watu waliokwanguliwa na pikipiki. Nilijifunza mengi, na mengine ninyi mmeyapata kwangu. Kila nilipopita Muleba nilipita kwa Ma Kokushubira, na kila mara nilimwuliza habari za mzee.

"Yupo," alikuwa akisema. Mara moja tu aliongeza. "Ndugu yake amefariki mwezi uliopita. Kaburi walilichimba bila kumwuliza. Alikaa kwenye kiti, anatazama."

"Wewe uliwaambia hakuiba?"

"Nimewaambia mpaka nimechoka. Wananiambia, barua ya ofisi inasema nini? Mimi ni nani, mwanangu? Ni mwanamke wa majivu."

Nilikuwa na jibu la kuwapelekea, na sikulipeleka. Ningeweza kumwambia Ma Kokushubira siku ile ile juu ya sentensi yangu. Nilikunywa rubisi yake, pombe yetu ya ndizi, nikaondoka.

Wiki moja baada ya kustaafu nilikwenda ofisini, nikaandika kwa mkono wangu kwamba muhtasari ule ni wa uongo na niliuandika mimi. Afisa utawala wa sasa, binti mpole, ambaye wakati ule alikuwa shule ya msingi, aliisoma karatasi yangu mara mbili. "Mzee, mradi ule ulishafungwa," akasema. "Mafaili yake yalichukuliwa. Naweza kukupigia muhuri kwamba nimepokea." Akapiga muhuri.

Nikapanda gari hadi Muleba na karatasi yangu yenye muhuri. Ta Byarugaba alikuwa amekaa mbele ya nyumba, bila kofia, macho yamefifia. Alinitambua kwa sauti. Mkwewe akaniletea kigoda. Nilimweleza yote, kuanzia kalamu iliposimama, na makofi, na kikao na afisa, na miaka. Sikuacha sentensi. Nikamwambia kesho nitakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, na Jumapili nitaomba kusimama kanisani. Nikamsomea karatasi.

Kisha akauliza, "Umesema umestaafu?"

"Ndiyo, waitu."

"Lini?"

"Wiki iliyopita."

"Walikuaga vizuri?"

"Walinichinjia mbuzi."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepata hesabu iliyokuwa ikimsumbua.

"Kwa hiyo umekuja baada ya kumaliza kula."

Mkwewe alikuwa amesimama mlangoni na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayopewa kila mgeni, hata wa mbali, hata adui. Alikuwa akimtazama mzee, anasubiri ishara. Mzee hakutoa ishara. Nilikaa pale mpaka nikaelewa kwamba hataitoa, nikasimama, nikaaga, na yule mama akarudi ndani na kikapu chake.